Sheria Kali Usukumani: Kutoka Hamsa Ishirini hadi Hukumu za Kahama

Kila mwaka, tukifika kwenye mada ya dola na adhabu, huwauliza wanafunzi wangu swali moja: mtu aliyemuua kikongwe kwa tuhuma za uchawi, au aliyemkata kiungo mtu mwenye ualbino, afanywe nini? Majibu hayabadiliki sana. Anyongwe. Anyongwe hadharani, uwanja wa mpira, wanafunzi wa shule wakitazama. Mwaka mmoja kijana mtulivu aliyekulia Geita alisubiri wenzake wamalize, kisha akasema: "Dokta, kwetu adhabu hatujawahi kukosa. Tunakosa mtu wa kusema alichokiona." Darasa lilicheka kidogo, likaendelea na mjadala wa kamba. Mimi sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu lililofikia uzito wa maneno yake. Makala hii ni jaribio la kumjibu, tena kwa kuchelewa.

Kwanza tuelewane kuhusu ramani. Mkoa wa Geita ulizaliwa Machi 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Bukombe, ambayo leo iko Geita, kwa miaka mingi ilikuwa Shinyanga. Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mwanza. Kwa hiyo nyaraka za zamani zinapotaja Mwanza na Shinyanga, mara nyingi zinazungumzia ukanda uleule: mbuga za pamba na ng'ombe upande mmoja, vilima vya dhahabu upande wa pili, na watu wanaohama kati ya pande hizo kila mvua inapogoma.

Dola ya kisasa ilijitambulisha katika ukanda huu kwa kiboko. Amri iliyotolewa Berlin mwezi Aprili 1896 iliweka kikomo cha viboko ishirini na vitano kwa mara moja, na ikaruhusu virudiwe mara ya pili baada ya siku kadhaa. Wanawake walisamehewa, Waarabu na Wahindi nao wakasamehewa. Mwili uliobaki ni wa mwanamume Mwafrika. Wazee wetu waliiita adhabu hiyo hamsa ishirini, na jina limedumu kuliko utawala wenyewe. Nataja hili kwa sababu moja tu. Amri ile ilihesabu viboko kwa umakini mkubwa, lakini haikuonyesha umakini kama huo katika kuuliza namna kosa lilivyothibitishwa. Aliyehukumu ndiye aliyekuwa mtawala wa wilaya, na neno la akida au jumbe mara nyingi lilitosha.

Waingereza walikuja na karatasi nyingi zaidi. Mwaka 1921 walitunga Sheria ya Adhabu ya Pamoja, iliyomruhusu Gavana kukitoza faini kijiji kizima endapo wakazi wake waliwaficha wahalifu au walificha ushahidi. Mtu anaweza kuicheka sheria hiyo, lakini ina ungamo ndani yake: serikali ilikwisha kujua kwamba mashahidi hawasemi, na kwa kuwa haikuweza kuwafanya waseme, iliamua kuwatoza wote. Ilibaki kwenye vitabu vyetu muda mrefu baada ya uhuru, hadi Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipoitaja miongoni mwa sheria arobaini kandamizi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sheria ninayotaka tuitazame kwa utulivu, hata hivyo, ni ile ya uchawi ya mwaka 1928, ambayo leo ni Sura ya 18 ya sheria zetu na ingali hai. Ni sheria ya ajabu, na ajabu yake haiko kwenye ukali wa vifungo. Iko kwenye kitu inachokikataza. Ukiisoma, utaona kwamba haimwadhibu mchawi. Inamwadhibu mtu anayejionyesha kuwa ana uwezo wa uchawi, anayemiliki au kumpa mwenzake vifaa vya uchawi, anayemshauri mtu jinsi ya kuvitumia, au anayetishia kuvitumia. Mtunzi wake alikuwa ofisa wa Kiingereza asiyeamini uchawi, anayetawala watu ambao wengi wao waliuamini, na akaandika maneno yanayozunguka jambo lenyewe bila kuligusa. Kwa mkulima wa Kahama au Msalala matokeo yalikuwa haya: yule anayemwogopa, anayefanya mambo yake usiku kwa siri wala hajitangazi kwa mtu, hawezi kushtakiwa, lakini mzee mwenye kibuyu ndani ya nyumba anaweza kufungwa. Haishangazi kwamba wengi walihitimisha kuwa serikali iko upande wa wachawi. Hitimisho hilo nimelisikia mwenyewe vijijini, kutoka kwa watu wazima wenye akili timamu, waliolieleza bila hasira yoyote, kama mtu anavyoeleza bei ya pamba.

Mahakama nazo zilibabaika. Mwaka 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo maamuzi yake yalizifunga mahakama za Tanganyika, ilisikiliza rufani ya Fabiano Kinene na wenzake kutoka Uganda. Walikuwa wamemkuta mtu usiku akitambaa uchi uani, wakaamini anawaroga, wakamuua kwa njia ya kikatili nisiyopenda kuirudia hapa. Mahakama ilikubali kwamba mtu anayemkuta mwenzake katika tendo ambalo yeye kwa dhati analiamini kuwa ni la uchawi anaweza kuchukuliwa kuwa amechokozwa ghafla na vikali, na kosa likashuka kutoka kuua kwa kukusudia kuwa kuua bila kukusudia. Lakini imani pekee, bila tendo la papo hapo, haikutosha. Kwa hiyo aliyekaa na hofu yake mwezi mzima kisha akaua alistahili kitanzi, na aliyeua kwa hofu ya dakika moja alipata kifungo. Kwa mwanasheria, mstari huo unaeleweka. Kwa familia iliyozika watoto watatu mfululizo na kuambiwa na mganga nani aliyehusika, mstari huo haukuwapo.

Kifungu cha nane cha sheria ya 1928 kinahitaji aya yake. Kinampa mkuu wa wilaya uwezo, baada ya kupokea taarifa na kuchunguza, kumwamuru mtu anayeshukiwa kufanya uchawi aishi mahali atakapopangiwa. Hakuna kesi. Hakuna hakimu. Mtu hahukumiwi kwa kosa, anahamishwa tu. Kwa macho ya haki za binadamu kifungu hiki ni kibaya, na sina nia ya kukitetea. Lakini mwanahistoria analazimika kukiri kwamba kiliafikiana na jambo ambalo Wasukuma walikuwa wakilifanya wenyewe kwa muda mrefu. Watu wa ukanda huu walikaa mbalimbali, kila familia na mji wake, na mashamba katikati. Jirani akikuchukia, ukisikia minong'ono, ulifunga mizigo na kwenda kufungua mji mpya ng'ambo ya mbuga. Ndivyo Wasukuma walivyosambaa hadi Geita na mbali zaidi. Kufukuzwa kulikuwa adhabu nzito, tena mara nyingi ya uonevu. Hata hivyo aliyefukuzwa alibaki hai.

Simeon Mesaki, mwanazuoni wetu aliyechunguza mauaji haya kwa kina kuliko wengi, ameonyesha kile kilichotokea umbali huo ulipofutwa. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu waliozoea nafasi na kuwapanga nyumba kwa nyumba. Waliosengenyana kwa mbali sasa walichota maji kisima kimoja, na watoto wao wakaugua surua kwa wiki moja. Kuhama nako kukawa si jambo rahisi, kwa kuwa kuhama bila ruhusa ya kijiji kulikuwa kupinga sera. Takwimu za serikali alizozichambua, za kati ya 1970 na 1984, zinataja watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara katika matukio yanayohusishwa na uchawi: wanawake 2,286 na wanaume 1,407. Sehemu kubwa kabisa ilitoka Mwanza na Shinyanga. Miaka yote hiyo adhabu ya kuua kwa kukusudia ilikuwa kifo, bila mbadala wowote, na kitanzi bado kilikuwa kikitumika.

Dola ilichukua hatua, na hatua hiyo sisi Watanzania tunaikumbuka kwa namna ya ajabu. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha operesheni Mwanza na Shinyanga kuwasaka waliohusika na mauaji haya. Watu wengi walikamatwa. Waliteswa ili wakiri, na baadhi walifia mikononi mwa waliowashikilia. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, pamoja na Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadaye baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani.

Ukimwuliza mtumishi yeyote wa umma mwenye umri wangu kuhusu uwajibikaji, atakutajia kujiuzulu kwa Mzee Mwinyi, na ana haki ya kufanya hivyo, maana mawaziri wanaojiuzulu kwa makosa ya walio chini yao si wengi katika historia yetu. Lakini muulize ni akina nani waliokufa, walikamatwa kwa ushahidi gani, na nini kilizipata familia zao. Nimewauliza wengi, wakiwemo wanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne. Tunalikumbuka tukio kama hadithi ya kiongozi mwema na tumewasahau mahabusu. Tumesahau pia sababu ya mateso yenyewe. Maofisa wale hawakutesa kwa kukosa sheria kali. Sheria kali kuliko zote ilikuwepo, na mashahidi hawakuwepo. Pengo lililokuwa kati ya viwili hivyo wakalijaza kwa ukiri wa kulazimisha. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi adhabu kubwa isiyo na ushahidi inavyotafuta ushahidi kwa njia zake yenyewe.

Hapa naomba niingize habari ya nyumbani. Bibi yangu mzaa mama aliishi kijiji kimoja cha Shinyanga Vijijini. Miti ya eneo lile ilikwisha zamani; mingine ilifyekwa tangu miaka ya 1920 katika kampeni za kuua mbung'o zilizoongozwa na mtafiti Charles Swynnerton kutoka kituo chake cha Shinyanga, mingine ilifyekwa kwa ajili ya pamba. Mradi wa HASHI wa kurudisha misitu na ngitili ulianza mwaka 1986, lakini msitu haurudi kwa miaka mitano. Bibi alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwenye nyumba isiyo na dirisha, kwa miaka hamsini. Macho yake yalikuwa mekundu. Kila anayelijua eneo lile anajua maana ya sentensi hiyo.

Mwaka 1991 alikuta barua mlangoni, isiyo na jina, yenye mistari miwili. Hakujua kusoma, akampa mjukuu amsomee, na mjukuu huyo, binamu yangu, alikuwa darasa la nne. Mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi mjini aliipeleka barua ile kituo kimoja cha polisi. Askari aliyempokea alimsikiliza vizuri, akamwuliza maswali mawili: unamjua aliyeandika, na kuna mtu atakayekubali kuandika maelezo? Swali la kwanza, familia nzima ilikuwa na jibu. La pili hatukuwa nalo. Mjomba alirudi na baiskeli jioni ileile, akamchukua mama yake pamoja na godoro na kuku wawili. Alifanya, kwa lugha ya sheria, kazi ya kifungu cha nane.

Turudi nyuma kidogo, kwenye wizi wa ng'ombe, kwa kuwa bila ng'ombe historia ya adhabu Usukumani haieleweki. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini. Kwa makosa kadhaa, wizi wa mifugo ukiwemo, hakimu alilazimika kutoa kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko ishirini na vinne: kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Vile vya kutoka ndivyo vilivyobaki kwenye masimulizi. Mfungwa alihesabu siku za uhuru wake akijua kwamba mlango wa uhuru una kiboko. Mwaka 1972 viboko viliondolewa na vifungo vikarefushwa. Mwaka 1989 viboko vikarudishwa. Nenda rudi hiyo, ndani ya miaka ishirini na sita, haikumzuia mwizi mmoja wa Kahama, kwa sababu mwizi wa Kahama hakukamatwa. Baada ya vita vya Kagera bunduki zilizagaa, majambazi wakaswaga mifugo kwa makundi, na wananchi waliamini, mara nyingi kwa sababu nzuri, kwamba aliyekamatwa Jumatatu angeonekana mnadani Alhamisi.

Hapo ndipo Sungusungu walipozaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye mpaka wa Kahama na Tabora. Watafiti kama Ray Abrahams na Sufian Bukurura wameandika habari zao kirefu. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Viongozi wao walikuwa na vyeo vyao: mtemi, katibu, makamanda. Siri ya nguvu yao, kwa maoni yangu, haikuwa mishale. Ilikuwa mwano, ule ukelele wa hatari ambao kila mwanamume mwenye afya akiusikia hana budi kutoka na kukimbilia ulikotoka, na kuupokeza kijiji kinachofuata. Ng'ombe walioibwa usiku walifuatwa nyayo kijiji hadi kijiji kabla jua halijapanda. Kwa mara ya kwanza uwezekano wa kukamatwa ukawa mkubwa, na wizi ulipungua kwa kiasi ambacho hata maofisa wasiowapenda walikikiri.

Adhabu zao zilikuwa faini ya ng'ombe na, kwa mkaidi, kutengwa. Msomaji wa mjini anaweza kudhani kutengwa ni adhabu laini. Haikuwa. Aliyetengwa hakuuziwa chumvi. Hakuna aliyempa moto, hakuna aliyemsalimu, wala aliyekwenda naye kisimani. Akipiga mwano usiku, hakuna aliyeinuka. Akifiwa, alichimba kaburi peke yake. Aliyevunja marufuku na kumsaidia alitozwa faini naye. Adhabu hii haikuhitaji gereza wala askari magereza, kwa kuwa kila jirani alikuwa mlinzi wa gereza. Kwa mwizi anayejulikana ilifanya kazi kwa haraka ya kutisha.

Kwa bahati mbaya iliwafikia pia wasiokuwa wezi. Kundi linalojua kuhukumu bila kuandika ushahidi halibakii kwenye ng'ombe, na mapema kabisa Sungusungu walianza kuwaita wanawake wazee kujibu tuhuma za uchawi. Wengine walifukuzwa, wengine waliuawa. Chama na viongozi wake wa juu waliliunga mkono jeshi hili la jadi. Polisi na mahakama walilalamika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mashauri yake yalimfikia Jaji James Mwalusanya, Mahakama Kuu ya Mwanza, wakati Hati ya Haki iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 ilipoanza kutumika mahakamani. Aliamua, bila kupepesa macho, kwamba Sungusungu hawakuwa na mamlaka ya kisheria ya kukamata, kutoza wala kufukuza watu. Jibu la Bunge lilikuwa kuwapa mamlaka hayo. Marekebisho ya sheria za Jeshi la Mgambo ya mwaka 1989 yaliwatambua na kuwapa uwezo wa kukamata unaokaribiana na wa polisi. Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka kwa nini hakuna aliyefikiria kuwapa pia daftari: wajibu wa kuandika nani aliona nini, lini, na nani alikana.

Dhahabu ilileta sura nyingine. Geita ilichimbwa tangu enzi za Waingereza, mgodi ukafungwa miaka ya 1960, na kuanzia miaka ya 1980 na 1990 wachimbaji wadogo walimiminika Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na machimbo mengine yasiyohesabika. Uchimbaji mdogo ni kazi ya bahati kuliko jasho. Watu wawili wanachimba mashimo yaliyotenganishwa na hatua kumi. Mmoja anajenga nyumba ya ghorofa, mwingine anazikwa kwenye duara. Penye bahati isiyoelezeka mganga hapati shida ya wateja. Deborah Bryceson na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walionyesha jinsi imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino huvuta dhahabu ilivyokua ndani ya uhusiano huo wa mchimbaji na mganga. Kuanzia 2007 mauaji hayo yalitikisa Kanda ya Ziwa na kuiaibisha nchi duniani.

Serikali ilijibu kwa njia ambazo msomaji aliyenifuata hadi hapa atazitambua. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, akiwa ziarani, aliwahimiza wananchi wawaue papo hapo wauaji watakaowakamata. Alipobanwa bungeni aeleze kauli ile, alilia. Sina sababu ya kutilia shaka machozi yake. Leseni za waganga wa jadi zilifutwa. Mwezi Machi mwaka uleule ikaja kura ya siri: wananchi wa mikoa ya kanda waliitwa kuandika kwenye karatasi majina ya wale waliodhani ni wauaji, majambazi au wapiga ramli, na kuitumbukiza kwenye sanduku. Fikiria karatasi ile. Haina jina la aliyeandika, haielezi alichokiona, na imelengwa kwa jirani. Mwaka 1991 karatasi ya namna hiyo iliachwa mlangoni kwa bibi yangu, na yule askari alikuwa sahihi kusema kwamba haitoshi kumfunga mtu.

Kilichofanya kazi kilikuwa kigumu zaidi na cha polepole. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mtoto wa kiume mwenye ualbino, wilayani Bukombe, Desemba ya mwaka uliotangulia. Zilikuwa hukumu za kwanza za aina yake. Magazeti yaliandika kwa herufi kubwa neno kifo. Mimi naona jambo jingine la kustaajabisha zaidi: kesi ya mauaji iliyokamilika ndani ya miezi kama tisa, katika nchi ambayo mahabusu wa kesi ya mauaji huweza kungoja miaka. Miezi miwili baadaye ikaja hukumu nyingine Shinyanga. Lakini kwa mwanamke aliyeuawa kijijini Geita mwaka 2008, hukumu ya wauaji wake ilitolewa Machi 2015, miaka saba baadaye, na miongoni mwa waliohukumiwa kunyongwa alikuwemo mumewe. Mwezi mmoja kabla, mtoto wa mwaka mmoja alikuwa ametekwa Chato na kukutwa amekufa. Waganga zaidi ya mia mbili wakakamatwa kanda nzima. Wapo waliokuwa na hatia, bila shaka. Ila ukamataji wa mamia kwa siku chache hunirudisha 1976 kila ninapousoma.

Na kamba yenyewe? Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimpi jaji nafasi ya kuchagua: aliyeua kwa kukusudia atanyongwa. Mwaka 1994 Mwalusanya huyohuyo, sasa akiwa Dodoma, aliamua katika shauri la Mbushuu kwamba adhabu hiyo inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi wake kwa hoja inayostahili kusomwa mara mbili: ilikubali kwamba kunyonga ni ukatili na udhalilishaji, kisha ikasema Ibara ya 30 inairuhusu. Mtu wa mwisho kunyongwa nchini alinyongwa katika miaka hiyohiyo, na tangu hapo kamba imelala. Mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayoketi Arusha, iliamua kwamba kumnyima jaji hiari katika kosa hili kunavunja haki ya kuishi. Kwa hiyo waliohukumiwa kunyongwa, kwa vitendo, wanatumikia adhabu ambayo hakuna sheria iliyoiandika: kungoja. Wanafunzi wangu wanaotaka uwanja wa mpira hushangaa kusikia hivyo. Wengine hukasirika, na hasira yao ninaielewa. Nao wana bibi.

Nikimfikiria yule kijana wa Geita sasa, namwona akizungumzia gharama. Shahidi wa mauaji ya kijijini anabaki jirani wa ndugu za mtuhumiwa. Anakwenda mahakamani umbali wa kilomita themanini kwa nauli yake, kesi inaahirishwa, anarudi, anaitwa tena. Mshtakiwa akiachiwa wanakutana kisimani. Akifungwa, atakutana na kaka zake. Vijiji vile vilivyomkataza kuhama bado ndivyo anamoishi, na adhabu ya kutengwa, aliyoizoea kuiona kwa wengine, inaweza kumgeukia kwa kosa la kusema kweli. Tumetumia karibu karne moja na robo kupanga nini afanywe mhalifu na sikumbuki hata mara moja Bunge limekesha likijadili nini afanyiwe huyu mtu.

Bibi aliishi mjini miaka kumi na miwili, nyumba ya mjomba, akipikia mkaa. Alifariki mwaka 2003, kwa uzee, kitandani. Alikuwa ameagiza azikwe kwao, nasi tukamrudisha. Watu walijaa. Aliyeshika jembe wa kwanza kuchimba kaburi alikuwa mtu mzima wa nyumba ya tatu kutoka kwake, yule ambaye jina lake mjomba alikuwa nalo tayari siku ile kituoni. Alichimba hadi kiunoni bila kupokewa, jasho likimtiririka. Alipotoka, mjomba alimpa maji ya kunawa, akamshukuru kwa kufika.